Bibi Cottin na Ndugu wa Salahuddin

Maongezi yetu ya leo yanamhusu mwanamke wa Kifaransa ambaye mwaka 1817, miaka kumi baada ya kufa kwake, alihesabiwa katika majumba ya Paris kuwa ndiye mwandishi wa kwanza wa zama zake, na ambaye leo, ukilitaja jina lake katika duka la vitabu la mji huo huo, yamkini muuzaji atakuomba ulirudie mara ya pili. Jina lake ni Sophie Cottin. Wasomaji wake walimwita Madame Cottin, nami nitamwita Bibi Cottin. Habari hiyo ya mwaka 1817 haikutiwa chumvi na shabiki wake yeyote. Aliyeiandika ni Victor Hugo, katika riwaya ya Les Misérables iliyotoka mwaka 1862, mahali pale anapokusanya mambo madogo madogo yaliyokuwa midomoni mwa watu mwaka ule. Naye Hugo aliiweka hapo iwe ushahidi wa ladha mbovu ya watu wa wakati huo. Hapo ndipo ninapohitilafiana na bwana mkubwa yule, na maongezi haya ni ya kueleza sababu zangu.

Bibi Cottin alizaliwa mwezi wa Machi mwaka 1770, akapewa jina la Marie Risteau, ingawa nyumbani aliitwa Sophie tangu utotoni, akalelewa katika jamaa ya wafanyabiashara wa Bordeaux, bandari tajiri ya magharibi ya Ufaransa. Nao walikuwa Waprotestanti katika nchi ambayo mfalme wake, mahakama zake na kengele zake zote zilikuwa za Kikatoliki. Jambo hili la madhehebu si dogo katika habari zake. Mpaka mwaka 1787 ndoa ya Waprotestanti ilikuwa haitambuliwi na sheria ya Ufaransa, na mume na mke walioishi kwa uaminifu maisha yao yote wakihesabiwa mbele ya dola kana kwamba hawakuoana kamwe. Binti huyu, basi, alijua kabla ya kushika kalamu nini maana ya kuwa mtu wa imani nyingine katikati ya wengi, na jinsi imani inavyoweza kusimama baina ya mtu na ndoa yake.

Mwaka 1789, mwaka ule ule Mapinduzi makuu yalipolipuka, aliolewa na Jean-Paul-Marie Cottin, kijana wa jamaa ya wenye benki, akahamia Paris akiwa na umri wa miaka 19. Raha yao haikudumu. Mwaka 1793, wakati wa ule Utawala wa Hofu ambapo neno moja la jirani lilitosha kumpeleka mtu kwenye chombo cha kukatia vichwa, mumewe alikufa. Imepokewa kwamba waliotumwa kumkamata walipoingia nyumbani walimkuta amekwisha kukata roho. Sophie alikuwa mjane wa miaka 23, hakujaaliwa mtoto, na mali aliyoolewa nayo ilikuwa imeyeyuka kwa sehemu kubwa. Alihamia Champlan, kijiji kilicho kusini ya Paris, akakaa huko pamoja na binamu yake Julie na mabinti watatu wa binamu huyo, akiwasomesha watoto, akiandika barua, akitembea katika bustani. Waliomjua wanasema hakuwa mzuri wa sura wala hodari wa mazungumzo barazani. Akili yake ilikaa katika barua, na kutoka katika barua ndiko riwaya zake zilikotokea.

Ya kwanza, Claire d'Albe, ilitoka mwaka 1799 bila ya jina lake. Yeye mwenyewe alieleza kwamba aliiandika kwa muda usiotimia siku kumi na tano, na habari iliyoenea baada yake ni kwamba rafiki mmoja aliyekuwa akisakwa na wakuu alihitaji fedha za kuikimbia nchi, naye, kwa kuwa hakuwa na fedha, akaketi akaandika kitabu kiuzwe. Ni kitabu kidogo, mfululizo wa barua, na kisa chake chaweza kusimuliwa kwa maneno machache: Claire, mke wa miaka 22, ameolewa na mzee wa makamo ya baba yake, mtu mwema, mwenye kiwanda shambani, anakuja Frédéric, kijana wa jamaa ya mume, kumsaidia mzee kazi, na mapenzi yanaota baina ya mke na kijana mbele ya macho ya mume asiyeshuku kitu. Mpaka hapo hapana jipya, kwani Ufaransa ilikuwa imejaa visa vya namna hiyo tangu Rousseau.

Jipya ni jinsi watu wema wanavyoumizana humo. Mume akishajua, hapigi kelele wala hamfukuzi mtu. Anashauriana na Élise, yule binamu anayeandikiwa barua, wakakubaliana kuwadanganya wawili wale kwa maslahi yao wenyewe: Claire aambiwe kwamba Frédéric amemsahau, na Frédéric aambiwe kwamba Claire amepoa. Uongo huo uliosukwa kwa huruma ndio unaomwua Claire. Anadhoofika siku baada ya siku, na jioni moja, alipokwenda kuomba dua penye kaburi la baba yake ndani ya bustani, Frédéric, aliyekwisha kuugundua uongo na kurejea mbio, anatokea mbele yake. Na pale pale, juu ya kaburi la mzazi, mke huyu mwaminifu anaanguka katika dhambi ambayo ameikimbia kitabu kizima. Baada ya hapo kazi iliyobaki ni kufa. Mwandishi hakumtukana Claire, hakumtetea, wala hakuligeuza jambo lile kuwa la siri, alilisema.

Fadhaa iliyotokea ilikuwa kubwa. Madame de Genlis, mwandishi mashuhuri na mlezi wa zamani wa watoto wa ukoo wa kifalme, alikilaani kitabu katika mwaka wa 1811, Bibi Cottin akiwa amekwisha kuzikwa, kuwa ni mfano mbaya uliofungua mlango kwa wengine wabaya zaidi. Laana hiyo iliongeza wasomaji tu. Lakini liko jambo ambalo Genlis hakuliona, au hakutaka kuliona, nalo ni kwamba Bibi Cottin mwenyewe aliona haya kuwa mwandishi. Aliamini, kama walivyoamini wengi wa wakati wake, kwamba mwanamke anayetangaza maandishi yake kwa umma ameivua stara yake. Na katika riwaya yake ya pili, Malvina, iliyotoka mwanzoni mwa karne, alitia maneno ya kuwakemea wanawake waandishi, ambayo baadaye aliyaondoa. Kwa miaka minane, basi, mwanamke huyu aliandika riwaya tano huku akiamini kwamba lililo bora kwa mwanamke ni kutoandika. Wako wanaolicheka jambo hili. Mimi naliona kuwa ni mateso ya kweli, na nadhani joto linalosikika katika sentensi zake linatokana kwa kiasi fulani na mtu anayejikataza jambo na kulitenda kwa wakati mmoja.

Amélie Mansfield, ya tatu, naipita. Ina kurasa nzuri, na wataalamu wengine wanaipenda kuliko zote, lakini mambo yake ya nasaba na majivuno ya makabaila wa Kijerumani yamechakaa. Nataka kufika mwaka 1805, kwenye kitabu kilichomfanya Bibi Cottin ajulikane kutoka Lisbon mpaka Saint Petersburg, nacho ni Mathilde, riwaya ya juzuu sita iliyojengwa juu ya Vita vya Msalaba.

Msikilizaji aliyesoma tarikhi anajua kwamba Salahuddin Ayyubi aliitwaa Baitul Mukaddas mwezi wa Oktoba mwaka 1187, na kwamba wafalme wa Ulaya walikuja kwa majeshi na merikebu kuirejesha, mmoja wao akiwa Richard wa Uingereza aliyelakabiwa Moyo wa Simba. Akka ilianguka mikononi mwao mwezi wa Julai mwaka 1191, na mwezi uliofuata Richard aliamuru wauawe mateka Waislamu wapatao 2,700 waliofungwa kamba mbele ya macho ya ndugu zao. Baada ya damu hiyo ndipo likaja jambo la ajabu. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, Bahauddin ibn Shaddad, kadhi wa jeshi la Salahuddin ambaye ametuachia kitabu cha maisha ya bwana wake, aliitwa pamoja na maamiri kadhaa kwenye hema la al-Malik al-Adil, ndugu wa Salahuddin, wakasomewa ujumbe uliotoka kwa Richard: kwamba al-Adil amwoe dada yake Richard, Joan, mjane wa mfalme wa Sisilia, kwamba Richard ampe dada yake miji ya pwani aliyoishika, na Salahuddin ampe ndugu yake nchi ya pwani, na kwamba wawili hao watawale wakiwa na kiti chao katika Baitul Mukaddas, vita viishe, mateka wa pande zote mbili waachwe. Bahauddin na wenzake walitumwa kumuuliza Sultani. Sultani akajibu ndiyo, akairudia ndiyo hiyo mara tatu mbele ya mashahidi, kwa kuwa, asema kadhi, alikuwa na yakini kwamba Richard hatatimiza. Haikutimia. Bibi Joan, ilivyosimuliwa, aliposikia alighadhibika na kuapa kwamba hatalala na Mwislamu. Na Richard akarudi kwa al-Adil na shauri jingine, kwamba yeye al-Adil aingie Ukristo ili jambo lipate kukamilika. Al-Adil hakuingia Ukristo, na mazungumzo yakafifia.

Hapana shaka kwamba habari hii ndiyo mbegu ya riwaya. Bibi Cottin alimwondoa Joan mjane, akamwumba dada mwingine wa Richard, Mathilde, binti aliyelelewa utawani na aliyekaribia kula kiapo cha utawa, anayefuatana na nduguye kwenda kuhiji Nchi Takatifu, akaangukia mikononi mwa Malek-Adhel, ndivyo alivyoliandika jina la al-Adil, na kuchukuliwa mpaka Misri. Humo Misri, na katika jangwa ambalo mwandishi hakupata kuliona kwa macho yake, mateka na mshindi wanapendana. Wakristo wanataka Mathilde aolewe na Guy de Lusignan, mfalme wa Kikristo aliyeupoteza mji mtakatifu; na kila mara mwandishi anapowaweka Lusignan na Malek-Adhel mbele yetu kwa pamoja, yule Mkristo ndiye mwenye hila na kinyongo, na yule Mwislamu ndiye mwenye ahadi isiyovunjwa, mkono ulio wazi na ghera ya kulinda aliyekimbilia kwake. Fikirini nani walikuwa wakisoma haya: mabinti na mama za Wafaransa, katika mwaka ambao Napoleon alikuwa mfalme, miaka michache tu baada ya majeshi yake kurudi kutoka Misri yameshindwa. Kwa mamia ya miaka wasomaji hao walikuwa wamepewa Mwislamu wa aina mbili, dhalimu mwenye kitara na tajiri mwenye masuria. Bibi Cottin aliwapa wa tatu, na nusu ya wasichana wa Ulaya wakampenda.

Sisemi kwamba kitabu hakina ila. Uislamu wake umeokotwa katika vitabu vya wasafiri, maombi ya wahusika wake ni ya Kifaransa tupu, na machozi ni mengi kupita yanayoweza kuvumiliwa na msomaji wa leo. Ila kubwa iko mwishoni. Malek-Adhel anapata jeraha la mauti, na katika saa yake ya mwisho, mbele ya Mathilde na askofu, anaupokea Ukristo na kufa. Naye Mathilde anarejea utawani. Yaani lile ambalo Richard alilitaka kwa al-Adil mwaka 1191 asilipate, mwandishi alijipatia kwa kalamu. Al-Adil wa kweli hakufa kijana wala hakubatizwa: alifiwa na ndugu yake Salahuddin mwaka 1193, akashika usultani mwaka 1200, akautengeneza kwa busara ya mtu anayependa mkataba kuliko upanga, akafa Mwislamu mwaka 1218 akiwa mzee. Msomaji wa pwani yetu, aliyelelewa na tenzi za vita, anaweza kulisamehe kosa hili upesi zaidi kuliko wengine, kwa kuwa analijua kutoka upande wa pili: Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, unamleta kaisari wa Rumi mbele ya mwito wa kusilimu, na msikilizaji wa utendi hutamani aitikie. Kila upande umemtaka adui wake mtukufu aingie katika dini yake. Tofauti ya Bibi Cottin ni kwamba, kabla ya kumbatiza, alimwacha Malek-Adhel kurasa nyingi sana awe Mwislamu mwema, na wasomaji wake walizikumbuka kurasa hizo, wakausahau ubatizo.

Jinsi walivyozikumbuka ni jambo la kutazamwa kwa karibu. Mafundi wa saa wa Paris walitengeneza saa za mezani za shaba iliyopakwa dhahabu, na juu ya uso wa saa, mahali ambapo zamani waliweka miungu ya Kiyunani, wakamsimamisha Malek-Adhel mwenye kilemba na upanga pamoja na Mathilde wake. Saa hizo bado zinauzwa minadani, na mara nyingi mnunuzi hajui wawili wale ni nani. Pushkin, katika sura ya tatu ya Eugene Onegin, alipotaka kutuonyesha msichana wa shamba wa Kirusi aliyejaa ndoto za mapenzi, alimtaja Malek-Adhel miongoni mwa mashujaa waliozishika fikira zake. Turgenev, nusu karne baadaye, alisimulia habari ya bwana mdogo wa Kirusi aliyefilisika, asiyebakiwa na fahari yoyote ila farasi wake mzuri, na farasi huyo anaitwa Malek-Adel. Mwaka 1837 opera ya jina hilo, iliyotungwa na Michael Costa, ilichezwa Paris. Jina la ndugu wa Salahuddin liliingia katika mazizi, katika sebule na katika majumba ya muziki ya Ulaya, na aliyelifikisha huko ni mjane wa Champlan.

Na hapa ndipo linapoingia neno langu juu ya kusahauliwa kwake. Bibi Cottin hakutaka kuzua tarikhi, kwa hiyo alimwomba mwandishi Joseph Michaud aiandikie riwaya utangulizi wa kueleza Vita vitatu vya kwanza vya Msalaba. Michaud akaandika, kazi ikamnogea, akaendelea nayo miaka mingi mpaka ikawa Histoire des croisades, kitabu kikubwa kilichosomwa Ulaya yote katika karne ya 19. Mwaka 1813 Michaud aliingizwa katika Académie française, baraza la waandishi wasiokufa, kama wanavyojiita. Riwaya iliyompa mwanzo haikumpa mwandishi wake kiti popote, kwa kuwa Académie haikumchagua mwanamke yeyote mpaka mwaka 1980, alipochaguliwa Marguerite Yourcenar. Kadhalika Walter Scott, ambaye twaambiwa ndiye baba wa riwaya ya tarikhi, alitoa The Talisman mwaka 1825, yenye Salahuddin na Richard na hema zao, miaka 20 baada ya Mathilde kuwa mikononi mwa kila msomaji. Sina nia ya kumdhulumu Scott. Alikuwa fundi mkubwa kuliko Bibi Cottin katika kuumba watu wa kila tabaka na kuwapa usemi wao. Nasema tu kwamba meza aliikuta imeandaliwa, na historia ya fasihi imemtaja mlaji ikamwacha mpishi.

Riwaya ya mwisho ya Bibi Cottin, Élisabeth, ilitoka mwaka 1806, na kwa wingi wa nchi ilikofika huenda iliipita hata Mathilde. Alisikia habari ya kweli kutoka Urusi: msichana Praskovya Lupalova, binti wa ofisa aliyehamishiwa Siberia kwa adhabu, alitoka Ishim kwa miguu, peke yake, bila ya fedha, kwenda kumwombea baba yake msamaha kwa Mfalme Alexander, akafika na akaupata. Kwa njia ya barabara Ishim na Moscow zimeachana zaidi ya kilomita 2,000. Bibi Cottin akamgeuza baba kuwa mkuu wa Kipolandi aliyeficha jina lake, akamwongezea binti kijana wa kumpenda na padri mzee wa kufuatana naye njiani anayekufa kabla ya safari kwisha, akalitia lile tukio la mwisho katika sherehe za kutawazwa kwa mfalme huko Moscow. Hakuna mapenzi ya haramu humu, wala kiapo kilichovunjwa. Kwa hiyo walimu wa Uingereza na Marekani walikichukua kitabu, wakawasomeshea vijana Kifaransa kwa muda mrefu wa karne ile. Pixérécourt alikifanya mchezo wa kuigiza mwaka 1819, na Donizetti akakitungia opera huko Napoli mwaka 1827. Xavier de Maistre, aliyeishi Urusi na kuijua habari yenyewe, hakuridhika na mapambo hayo, akaandika mwaka 1825 kisa cha msichana wa kweli, aliyemaliza maisha yake utawani bila ya mchumba wala mali. Kwa ukweli kitabu cha de Maistre ni bora. Lakini kama Bibi Cottin asingalitangulia, nani Ulaya magharibi angalimjua Praskovya?

Hakuishi kuyaona hayo. Alipokuwa akiandika Mathilde katika milima ya Pyrenees, huko Bagnères, alikutana na Pierre-Hyacinthe Azaïs, mwanafalsafa maskini aliyekuwa akijenga nadharia kwamba katika maisha ya kila mtu mema na mabaya hulipana sawasawa. Walipendana, au angalau Sophie alimpenda, na shauri la ndoa likazungumzwa. Lakini Azaïs alitaka watoto, na Sophie alijua kwamba hatazaa. Hawakuoana. Tarehe 25 Agosti mwaka 1807 alikufa Paris kwa maradhi ya saratani ya titi, akiwa na miaka 37, na miaka miwili baadaye Azaïs alichapisha kitabu chake juu ya kulipana kwa mema na mabaya. Sijui mwanamke yeyote ambaye maisha yake yanaipinga nadharia hiyo kwa nguvu kuliko mwanamke huyu aliyekuwa karibu nayo.

Kwa muda wa miaka 30 na zaidi baada ya kufa kwake kazi zake zilikusanywa na kuchapwa tena na tena. Kisha Ufaransa ikapata Balzac na Stendhal, na wahakiki wakaanza kuipima riwaya kwa kipimo kipya: je, inajua bei ya nyumba, riba ya deni, njia za kijana kupanda cheo mjini? Kwa kipimo hicho vitabu vya Bibi Cottin havina kitu. Walipoandika historia ya riwaya wakaanza na hao mabwana, na waandishi wanawake wa mwanzo wa karne, waliokuwa wengi na waliosomwa kuliko wanaume, wakapewa mistari miwili, na aghalabu mstari mmoja ulikuwa wa dhihaka. Kosa lililotajwa ni kwamba walisomwa na wasichana na kwamba waliliza watu. Naliona hili kuwa ni hukumu ya dhuluma. Kulia kwa ajili ya adui wa dini yako, kulia kwa ajili ya mke aliyekosa, kulia kwa ajili ya binti wa mfungwa anayetembea thelujini, ni kazi ambayo moyo wa msomaji hufanya, na baada ya kuifanya hauwezi kurudi sawasawa kama ulivyokuwa. Msichana wa Saint Petersburg au wa Lyon aliyempenda Malek-Adhel alikuwa amejifunza, bila ya kuhubiriwa, kwamba uungwana hauulizi mtu anasali akielekea wapi. Na sikumbuki riwaya nyingi za Balzac, pamoja na ukubwa wake wote, zilizomfunza msomaji jambo hilo.

Siku hizi mambo yameanza kubadilika kidogo. Wataalamu, hasa wa Marekani, wamerudi kumsoma, na mwaka 2002 Claire d'Albe ilichapwa upya huko ili wanafunzi wa vyuo vikuu waipate. Ni mwanzo mzuri, ingawa kitabu kikiwa cha darasa peke yake hakijarudishiwa wasomaji wake.

Kwa hiyo ninalo ombi kwenu, hasa mliosoma Kifaransa, mlioko Kongo, Burundi na Rwanda, ambao lugha hiyo mnayo mkononi kila siku. Anzeni na Claire d'Albe, kwa kuwa ni fupi na haina neno la ziada; kisha mkishamzoea mwandishi, iendeeni Mathilde, na juzuu zake sita zisiwatishe. Na ikiwa miongoni mwenu yuko mfasiri mwenye subira, akilete mkononi mwetu kwa Kiswahili kisa cha Malek-Adhel, hata kama ni kwa kukifupisha, na autie mwanzoni ule ushahidi wa kadhi Bahauddin juu ya ndoa ambayo haikufungwa. Atapata wasomaji wanaomjua Salahuddin tangu chuoni, na ambao hawajapata kusimuliwa habari za ndugu yake.